Umri wa Temirkul

Mwaka wa Panya, ambao karatasi za serikali ziliuita 1936, theluji ilianguka mwezi wa Mei ikaua kondoo wetu arobaini, lori la kwanza likaingia bondeni, na wewe Batma ukazaliwa hemani, mama yako akiwa ametoka kukamua farasi. Hayo mmeyasikia. Sikilizeni sasa nisilowahi kuwaambia, wanangu, na wewe Jusup usinikatize, pumzi niliyonayo haitoshi kurudia.

Mwaka huo kaka yenu Temirkul alimaliza mzunguko wake wa kwanza wa wanyama kumi na wawili tunaohesabia miaka, kwa kuwa naye alizaliwa mwaka wa Panya, nami nikachinja, nikamfunga mkanda wa kiume mbele ya watu. Vuli ile jirani yetu Osmon, karani wa kijiji, alipita akiandika umri wa watoto.

"Huyu je, Mzee Doolot?"

Nikasema kumi na mitatu. Akaweka kalamu chini.

"Kumi na mitatu pamoja na mwaka wa tumboni, mzee. Serikali haihesabu tumbo. Niandike kumi na miwili?"

Watu walikuwa wamekaa wanakunywa maziwa ya farasi, wananitazama. Nikamwambia, "Wewe andika tu. Nimemfunga mkanda majuzi, leo unataka nimrudishe kwenye mbeleko?"

Wakacheka. Osmon naye akacheka. "Haya, ila kesho akidai mke, usinitafute mimi."

Akaandika kuwa amezaliwa 1923.

Vita vilipokuja, karatasi ile ndiyo iliyomwita jeshini. Habari ya kifo ilipofika, mama yenu alisema Osmon aliongeza mwaka kwa chuki ya malisho tuliyogombania, akaenda akatema mate mlangoni pake, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikanyamaza. Miaka ishirini na tisa hatujala mkate katika nyumba ile, nanyi mlikatazwa kucheza na watoto wake, na Osmon hajajitetea hata kwa neno moja. Mama yenu amekufa akiamini hivyo. Hilo sina namna ya kulirekebisha.

Jusup, hema na tandiko ni vyako. Batma, chukua mazulia yote ya mama yako. Yule farasi jike mweupe mpelekeni Osmon, mwende nyote wawili, mchana, watu wakiona, mkaseme: baba ndiye aliyesema kumi na mitatu, naye alionywa. Akimkataa farasi, mfungeni pale pale mwondoke. Akiwapa mkate, kuleni.

Niinue kichwa, Batma. Maji... basi, yatosha.

Mungu awape njia nyeupe, na watoto, na... mtoto akiulizwa umri wake, semeni ulivyo.

Kwenye jiwe la majina ya waliokufa vitani, pale shuleni, wakafute 1923. Waandike 1924. Temirkul aliuawa tarehe 2 Agosti 1942. Wenziwe waliozaliwa mwaka wa Panya waliitwa jeshini tarehe 14 ya mwezi huo huo.