Maharage ya Ijumaa na Nadhiri ya Suresh

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana ushuhuda huu nimeuandika mara moja tu, bila kuusafisha. Wanaonifahamu wanajua kwamba hilo peke yake ni muujiza. Mimi ni Mutua, yule kijana wa kinanda hapa kanisani kwetu Blacktown. Nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama simu, na nikikosea noti moja Jumapili, chakula cha mchana hakishuki.

Ndugu zangu, nilikuwa na wivu. Si wivu wa gari wala wa mchumba. Nilimwonea mtu wivu kwa sababu ya kufunga!

Mtu huyo ni Suresh. Tunapakia masanduku pamoja katika ghala moja kule Smithfield. Suresh ni Mhindu, na alikuwa anajiandaa kwenda kuhiji kwenye hekalu lililo juu ya mlima, kusini mwa India, mahali ambapo watu hubanana usiku na mchana wakingojea zamu ya kupanda. Huko hakuendwi hivihivi. Kwa wiki nyingi kabla ya safari alivaa shanga shingoni na nguo nyeusi, akaacha nyama, akaacha kunyoa, akalala sakafuni. Wakati wa mapumziko alivua buti za kazi akatembea pekupeku nyuma ya ghala ili nyayo zizoee. Lami ya Smithfield, mwezi wa Desemba, wakati jua la huku linaunguza! Na alikuwa anacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichoniua. Maana mimi pia nilikuwa nimetangaza mfungo, hapa mbele yenu, kwenye kipaza sauti. Nilijipangia saa za maombi kwa kengele ya simu. Kengele moja ikinipita, naanza upya kwa hasira. Kisha asubuhi moja nikauvunja mfungo wangu kwenye stesheni ya Seven Hills, kwa mkate wa soseji, nimegeukia ukuta. Sikumwambia mtu.

Mama Nzigire, ambaye mnamjua kwenye kwaya ya akina mama, anafanya kazi nasi. Siku moja akasema mbele ya wote, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa: "Angalieni Suresh! Eko anafunga na kicheko. Weye Mutua ukifunga, hata bonjour tunaogopa kukupa!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, huku ndani nachemka. Tangu siku hiyo nilimchungulia Suresh kila alipokula, nikitafuta hata mfupa mmoja wa kuku. Nilitamani ajikwae!

Tena alikuwa na neno lake. Aliyevaa zile shanga humwita kila mwanamume Swami, kama kusema bwana mtakatifu, kwa sababu katika nadhiri ile anatakiwa kumwona Mungu ndani ya kila mtu. Alimwita hivyo hata msimamizi wetu anayetufokea. Aliponiita mimi hivyo, nilihisi kama anajua habari za soseji.

Ijumaa ya mwisho kabla hajasafiri, tulipanga kula pamoja, kila mtu alete chakula cha kugawana. Nikaahidi kuleta maharage ya nazi, yasiyo na nyama, ili Suresh naye ale. Kusema kweli nilitaka kusifiwa. Nilipika mara mbili, kwa kuwa ya kwanza yalipasuka. Nikiwa kwenye basi, sufuria mapajani, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetia kidonge cha mchuzi wa kuku. Ni mazoea ya mkono tu. Ndivyo wengi wetu tunavyopika, tena tunasema hamna nyama.

Ndugu zangu, sikushtuka. Nilifurahi! Sauti ikaniambia: Hukutega mtego, umejitega wenyewe. Nyamaza tu. Akila, atakuwa kama wewe.

Nikanyamaza. Mezani Mama Nzigire ndiye aliyekuwa akinipigia debe kwa Suresh: "Chukua, kijana, maharage ya huyu mutoto ni ya mbinguni!" Suresh akanawa mikono, akachota, na sahani ile ya kwanza akaiweka mbele yangu.

"Swami kwanza," akasema. Kisha ndipo akajichotea yake.

Sijui niwaelezeje. Mtu ananihudumia kama bwana wake, nami nimekaa nangojea aanguke! Kijiko chake kikapanda. Bwana akanishika, nikapiga kelele, "Usile!" na mkono wangu ukaipiga sahani yake. Maharage yakaruka hadi kwenye buti za msimamizi.

"Mon Dieu! Una nini weye?" akasema Mama Nzigire.

Nikasema yote. Kidonge, basi, wivu. Hata soseji nikaitaja. Nililia mbele ya maikrowevu, watu wazima wamesimama na sahani zao.

Suresh alikitazama kijiko chake. Uso ulibadilika, nikaona nimemuumiza. Akazishika shanga zake. Mwishowe akasema, "Swami, harufu ya hayo maharage imenitesa tangu asubuhi. Nikishuka mlimani nadhiri imekwisha. Nipikie tena. Kidonge hichohicho."

"Na buti zangu?" akauliza msimamizi.

Hapo ndipo Yesu aliponifungua, ndugu zangu, huku nikifuta buti za mtu! Mimi siifuati dini ya Suresh, naye anajua. Nilimwambia nitamwomba Yesu amlinde katika msongamano ule. Akajibu kwamba mzigo wa sadaka atakaoubeba kichwani kupanda mlima bado una nafasi ya ombi langu.

Namshukuru Bwana aliyekiwahi kijiko kwa mkono wangu. Nawe unayesoma, kama kuna mtu unayemchungulia ukingoja ajikwae, mwite Yesu sasa, kabla kijiko hakijafika mdomoni. Usingoje uwe mkamilifu kwanza. Mimi nilimngoja yule Mutua mkamilifu miaka mingi, hakuja. Aliyekuja ni Yesu.

Suresh ameshashuka mlimani salama, na kesho anarudi kazini. Maharage nimeshayaloweka.