Mvua Imekula Reli

Nani kati yenu alimwandikia Method kwamba mvua imekula reli? Msitazamane. Sikilizeni, wanangu, wewe Klementina na wewe Eufrasia, pumzi niliyobaki nayo si ya kuzungushana. Method yuko nje chini ya dirisha, kwa sababu mkwe haingii chumba cha mama mkwe, na kwangu bado ni mkwe hata kama Klementina alimrudishia pete. Jana alinisomea ujumbe ule kupitia ukutani, nikatamani kujifunika shuka mpaka usoni.

Maana maneno yale ni yangu. Mtu wa Malampaka akiona reli imeharibika husema imekatika, basi. "Mvua imekula reli" niliandika mimi na digrii yangu, kwenye kile kijitabu cha Krismasi ambamo mdogo mtu anamdanganya mchumba wa dada yake asiende stesheni, wapenzi wananuniana, halafu mkesha wa sikukuu wanakumbatiana na penzi linanoga kuliko mwanzo. Vitabu vyangu vyote ni hivyo. Bila ugomvi msomaji angesinzia, nami nikaokota ugomvi wa bei rahisi kuliko wote: watu wawili ambao wangeulizana swali moja tu, yakaisha. Ndio uliowasomesha, ndio ulioezeka bati hili, na leo naona aibu kulala chini yake.

Klementina, ulishuka stesheni ya Malampaka na begi lako, mvua ikakupiga mpaka giza, usimwone Method wa kukupokea. Ukarudi Tabora ulikotoka, ukamfungia Method simu, ukangoja apande treni akufuate kama wanaume wangu wa vitabuni. Yeye akangoja ujirudi. Hii ni Krismasi ya pili tangu siku ile.

Mimi na baba yenu Sylvester tuligombana kweli. Ng'ombe wake waliingia kwenye pamba yangu kule Kasoli, nikamwendea nimewaka, akaniuliza, "Mama Kle, tugombane kabla ya ugali au baada?" Tukagombana kabla, tukagombana baada, wote wawili jikoni, hakuna aliyejua jambo ambalo mwenzake halijui. Huo sikuuandika kamwe. Niliona hauuziki.

Basi. Shamba la Kasoli ni lenu wote, na nyumba hii ya Bariadi pia. Msigawane kwa kamba, kaeni mzungumze. Vijitabu vilivyobaki kwenye maboksi wapeni wauza karanga wafungie, angalau vimfae mtu. Nizikeni ubavuni kwa Sylvester, na padri asinipake sifa nisizokuwa nazo.

Eufra, nipe maji... Wewe ndiye uliyekuwa ukinichapia vile vitabu. Sikutaji. Maisha yangu yote nimewasemea watu... wewe sikusemei.

Method, sogea dirishani, baba. Mungu awape nyumba yenye kelele... na kila kelele iwe na mwenyewe. Nimechoka... Inueni mto kidogo.

"Mayu... mama yangu..."

Usiniambie mimi, Eufra. Mgeukie dada yako. Sauti itoke... na huyo wa nje asikie.

"Dada Kle... ni mimi. Nilinunua laini mpya nikamwandikia Method. Nilidhani mtapatana sikukuu ileile."