Kitambaa cha Bawa: Maisha ya Dkt. Mwongeli Kaloki, 1949–2025

Dkt. Mwongeli Kaloki alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Kikima, Mbooni, mtoto wa tatu wa marehemu Munyao na marehemu Nduku. Akiwa bado mdogo, ndege ya kunyunyizia nzige dawa ilipita chini kabisa juu ya shamba lao. Watu wote wakalala kifudifudi kwa mahindi. Yeye alibaki amesimama. Mama yake akapiga kelele, "We Mwongeli, lala chini, itakubeba hiyo!" Akajibu, "Mama, kuna mtu ndani. Amevaa miwani."

Alisoma Kikima, akaenda chuo cha ualimu, na Januari 1971 akaletwa kufundisha Kyuso. Huko alikutana na Kaloki Nthiwa, mtu wa mbuzi na ndengu, ambaye hakuwahi kuingia darasani. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, walipelekwa Kikima, na harusi ikafanywa kanisani Kyuso tarehe 19 Agosti 1972. Watu walisema hawa hawafiki Krismasi. Walifika miaka hamsini na mitatu.

Mwalimu hakutosheka. Alienda chuo kikuu Nairobi na mtoto mgongoni, akarudi tena na tena mpaka akawa daktari wa historia ya vita. Kazi yake ilikuwa ndege za kwanza za vita, zile za mbao na kitambaa, ambazo Waingereza walileta huku kupigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata wanajeshi walikuja kumsikiliza. Aliwauliza, "Nyinyi mnampenda rubani. Petroli yake ilibebwa na kichwa cha nani?" Ilibebwa na Wakamba.

Aliandika vitabu viwili. Katika cha pili kuna ndege iliyoanguka porini upande wa Taita. Rubani aliokolewa, lakini ndege ilipofuatwa, kitambaa cha bawa kilikuwa kimekatwa. Karatasi za wazungu zilisema wapagazi waliiba. Mwongeli aliandika hivyo, lakini moyo wake ulikataa. Alijua baba mkwe wake, Mzee Nthiwa, alibeba mizigo kwa vita hiyo. Mzee alikuwa ameshakufa, kwa hivyo akamuuliza mumewe wakipepeta ndengu.

"Baba Ndunge, mzee hakukuambia kitu?"

"Hakusema."

"Aii, nyinyi watu wa Kyuso! Maneno mnayaweka kama maji ya kiangazi."

Akacheka, akaendelea kupepeta. Mumewe alikuwa anajua. Aliogopa jina la baba yake lisomwe duniani kama la mwizi.

Mwaka wa 2023 Mwongeli alipatikana na kansa ya ini. Alitibiwa Nairobi, halafu Kitui. Hata kitandani alikuwa anauliza juu ya lile bawa. Mumewe akamwambia, "Ukipona nitakuambia."

"Kumbe kuna kitu!" Akashika mkono wake. "Basi wacha nipone haraka."

Hakupona. Alifariki Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, saa kumi na moja asubuhi. Mumewe alikuwa ametoka nje kutafuta chai.

Ameacha mume, Kaloki, binti, Ndunge, anayesoma maneno haya, mwana, Muthama, na mke wake Syombua, wajukuu watano, ndugu zake wa Kikima, na wanafunzi wengi.

Mume ameomba na haya yasomwe, yabaki kwenye karatasi. Nthiwa alikuwa na rika lake, Mbithi. Walibeba petroli pamoja. Mbithi alishikwa na tumbo la kuhara, akafia njiani, karibu na ile ndege. Hakukuwa na blanketi, hakukuwa na ngozi. Nthiwa alikata bawa kwa panga, akamfunga mwenzake, akamzika. Halafu akaogopa kiboko cha wazungu, akanyamaza. Alimwambia mwanawe mara moja tu, akamwambia afunge mdomo.

Wenye kitabu chake, mkifika hapo pa wizi, mjue kitambaa hakikuibwa. Kilizika mtu.

Mwongeli aliuliza vizuri. Jibu alikuwa analala nalo nyumba moja, na limemfikia leo akiwa kwenye sanduku. Apumzike kwa amani. Aliyemchelewesha atakuja kumweleza mwenyewe.