Fundo Lililolegea Ipogolo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mhandisi Sedekia Mwaisumo wa Ilomba, Mbeya, aliyefariki Jumanne iliyopita. Sedekia, mjenzi wa madaraja.

Mwaka 1956 aliingia chuo kidogo cha uhandisi mjini Iringa. Darasani walikuwa kumi na wawili. Nasema tena, kumi na wawili. Mwaka wa pili walibaki saba. Wengine hesabu ziliwashinda, wengine walikimbilia ualimu. Sedekia alibaki, lakini kwa hofu. Binti yake, Ikupa, ametuambia: "Kila siku ya mtihani baba alikuwa anatapika kwanza nyuma ya bweni."

Aprili 1958 walipelekwa Ipogolo, kando ya mji wa Iringa, kupima upana wa mto. Mvua zilikuwa zimenyesha. Maji mekundu, yananguruma. Mmoja wao alitakiwa kuvuka akining'inia kwenye kiti cha kamba. Kamba aliifunga Sedekia. Kwenye kiti alikaa rafiki yake, Timotheo.

Timotheo alipofika katikati, Sedekia akaliona fundo linateleza. Taratibu, mbele ya macho yake. Akaidaka kamba. Ikamchana viganja, ikamponyoka. Timotheo akaanguka majini.

Walimkuta mbali huko chini, amekumbatia mwamba, mguu umevunjika. Alikuwa hai. Mwalimu akaandika kwamba kamba ilikuwa mbovu. Sedekia, aliyejua ukweli peke yake, akanyamaza.

Kesho yake akapanda basi kurudi Mbeya. Pale Ilomba hata kamba ya mbuzi hakuthubutu kuigusa. Mama yake, Tupokigwe, akamwuliza, "Mwanangu, wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Naogopa. Nilifunga vibaya, nikakaribia kuua mtu."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Basi nenda ukamwambie. Ukishamwambia, urudi tulime."

Alifika hospitali ya Iringa, alikolazwa Timotheo. Mara mbili aligeuka mlangoni. Mara ya tatu akaingia, akasema yote.

Mzee Timotheo yu hai, siku hizi anaishi Ipogolo, analima. Ametusimulia mwenyewe: "Nilimfukuza! Nilimtukana. Kesho yake akaja tena, analia. Nikamwambia, mimi chuoni sirudi, siuwezi tena ule mto. Lakini wewe rudi. Wale wenzetu hawajaona fundo likifunguka. Wewe umeliona."

Sedekia akarudi. Akamweleza mwalimu ukweli, akisubiri kufukuzwa. Mwalimu akamkabidhi kamba: "Funga tena." Akafunga, akafungua. Akafunga siku ile hadi jua likazama.

Walianza kumi na wawili. Walihitimu wanne. Sedekia alikuwa mmoja wao, na hofu haikumwacha kamwe. Ikupa anasema: "Daraja jipya likifunguliwa, wageni walikaa kwenye viti. Baba alishuka korongoni, akasimama chini ya daraja mpaka lori la kwanza lipite. Mama alikuwa anafumba macho."

Kwa Ikupa, kwa ndugu wote wa Ilomba, na kwako Mzee Timotheo, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki tutafakari. Nyumbani mwako huenda yupo kijana anayetaka kuiacha sayansi. Usimwite mvivu. Kaa naye, umwulize ameona nini kilichomtisha. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.