Fundi Pini na Saini Iliyokosekana

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni moto jikoni, vuteni viti, msogee. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye wengi wenu mlifunga ndoa mkiwa ndani ya kazi ya mikono yake. Tunamkumbuka Fundi Pini. Amefariki dunia wiki iliyopita, usingizini, baada ya chakula cha mchana, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha mke na watoto watatu. Ameacha pia gauni moja mezani, bado halijatiwa vifungo, na bibi harusi wake amekuja msibani kulia kama sisi wengine.

Kwa nini Pini? Kwa sababu pini hazikumtoka mdomoni. Ukienda kupimwa nguo, anazibana midomoni, saba, nane, anachomoa moja moja. Ukimuuliza swali, anajibu, "Mmh." Nguo itakuwa tayari Jumamosi? "Mmh." Nimenenepa? "Mmh." Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikwisha kuigundua dawa hiyo. Anasema, "Nikianza mazungumzo mazito tu, namwona anatafuta pini. Hata kama hakuna nguo ya kushona."

Basi sikilizeni mkasa wa ndoa yao. Waliishi pamoja miaka arobaini na mmoja. Narudia, arobaini na mmoja. Lakini walipofikisha ishirini na sita, katibu wa kanisa alikuwa ananakili vitabu vya zamani kwenye kompyuta. Akafika kwenye ukurasa wao. Saini ya bwana harusi ipo. Saini za wasimamizi zipo. Ya mchungaji ipo. Ya bibi harusi hakuna. Patupu!

Ilikuwaje? Siku ya harusi, walipoingia ofisini kusaini, pindo la gauni lilinasa mlangoni likachanika. Bwana harusi, aliyekuwa amekwisha kusaini, akapiga magoti hapo hapo na suti yake, akatoa sindano mfukoni. Ndiyo, alikwenda kuoa na sindano mfukoni. Akaanza kushona, huku akimwambia mkewe, "Usisogee! Usisogee hata kidogo!" Naye hakusogea. Wasimamizi na mchungaji wakasaini, kwaya ikaanza kuimba nje, watu wakatoka kwa shangwe. Bibi harusi mezani hakufika kabisa.

Basi, Jumapili baada ya katibu kuona pengo hilo, mchungaji akawaita wote wawili baada ya ibada. Alikuwa anacheka. Akasema, "Msiogope, kiapo mlikula mbele za Mungu, ndoa ipo. Mama, saini tu hapa tumalize." Akampa kalamu.

Mama akaipokea kalamu. Akausoma ukurasa mzima, taratibu, kama anavyosoma kadi ya mgonjwa. Kisha akairudisha kalamu mezani.

"Mchungaji, Mungu alinisikia, sina wasiwasi naye," akasema. "Ila huyu bwana hajawahi kuniuliza. Alimtuma dada yake. Safari hii aje mwenyewe, kwa mdomo wake. Halafu nitafikiria."

Wasikilizaji wapendwa! Fundi Pini akaanza kupapasa mifuko. Pini hazikuwepo.

Nyumbani mambo yaliendelea kama kawaida. Chakula kilipikwa, sala ya jioni ilisaliwa, taa ilizimwa. Mama hakununa hata siku moja. Lakini Fundi alikosa raha. Binti yao mkubwa, ambaye ni mwalimu, anakumbuka vizuri: "Baba alikata suruali ya mzee wa kanisa, miguu yote miwili ya kushoto. Nikajua hapa kuna jambo."

Watu walidhani ni utani, na Mama mwenyewe alikuwa anatabasamu. Kwa Fundi haukuwa utani. Akiwa peke yake kwenye cherehani alianza kujihesabia makosa. Jumamosi zote alizokuwa kwenye harusi za watu. Maswali yote aliyoyajibu "Mmh." Msichana wa miaka ile alikubali kwa sababu hakunijua, akawaza. Huyu wa leo ananijua. Akikataa je?

Akamwendea dada yake mkubwa. Dada huyo ana miaka themanini sasa, na bado anaongea kuliko redio hii. Alimjibu, "Kaka, mara ya kwanza nilikusaidia. Sasa una mvi. Nenda mwenyewe!" Akamwendea mchungaji. Mchungaji akasema, "Nitakuombea usiku na mchana. Lakini kumuuliza, simuulizi."

Wiki ya pili akamshonea mkewe gauni la buluu. Mama akalivaa, likamkaa sawasawa. Fundi akawa anarekebisha kiuno, pini tele mdomoni. Mama akakinga kiganja chini ya kidevu chake, kama anavyomfanyia mtoto aliyebugia kitu. "Tema." Akatema. Moja, mbili, mpaka saba. "Haya, sema." Fundi akavuta pumzi. Akasema, "Pindo limekaa vizuri."

Jamani! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakusaini.

Wiki ya tatu, Jumatano asubuhi, Fundi alifunga duka. Akaenda zahanati anakofanya kazi mkewe. Akachukua namba kama wagonjwa wengine, akakaa kwenye benchi. Namba yake ikaitwa. Mama akamtazama, akamfunga kipimo cha presha mkononi.

"Iko juu," akamwambia. "Una nini?"

"Nakuogopa," akasema Fundi. Mlango ulikuwa wazi, na benchi zima likaacha kukohoa. "Nilimtuma dada kwa sababu niliogopa utanikataa. Mpaka leo naogopa. Nimemwomba Mungu anipe maneno mazuri, hajanipa. Nina haya tu. Utakubali kuwa mke wangu?"

Mama akamfungua kipimo. Akakikunja. Akasema, "Nina wagonjwa kumi na mmoja. Nisubiri nje. Natoka saa nane."

Akasubiri mpaka saa nane. Walirudi nyumbani kwa miguu, wameshikana mikono, na Jumapili Mama akasaini. Nimemuuliza juzi kwa nini alimtesa mwanamume wa watu hivyo. Akanijibu, "Sikumtesa. Mara ya kwanza alichagua msichana aliyemwona kwenye kwaya. Nilitaka kujua kama angenichagua mimi, na ulimi wangu huu, na kukoroma kwangu."

Tangu hapo, kila mwaka, tarehe ile ile ya zahanati, Fundi Pini alimuuliza tena. Kwa mdomo wake. Miaka kumi na mitano hakukosa. Na kila mwaka Mama alimjibu, "Ngoja nifikirie," akamwacha na jasho mpaka chai ya jioni, ndipo anasema ndiyo.

Tarehe hiyo ni Ijumaa ijayo. Nilimuuliza Mama, sasa itakuwaje? Aliangalia dirishani kidogo, halafu akatabasamu.

"Safari hii sitafikiria," akasema. "Nitajibu asubuhi."

Kwa Mama, kwa watoto wote watatu, kwa dada yetu wa miaka themanini, na kwa bibi harusi anayesubiri vifungo: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunamshukuru Mungu kwa mtu huyu. Amlaze pema.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu hapo karibu nawe. Yuko jikoni, au amelala kwenye kochi, au amekununia tangu jana. Mmezoeana mpaka hamuulizani tena. Mimi nitazima kipaza sauti changu kwa dakika moja, bila muziki. Muulize.