Aliyekataa Kunirusha

Mheshimiwa Diwani, uliyeacha kikao chako ukaja kukaa nasi, Bi Nurjehan, Mwenyekiti wa jumuiya yetu, wazee wetu wa Unguja na Pemba mliobadilisha treni mara mbili hadi kufika hapa Kenton, wenzangu wa jukwaani msiojua Kiswahili na bado mmekubali kuvumilia, Bi Ummukulthum, na wewe tunayekuaga leo, Ami Mbarouk: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme machache juu ya miaka kumi na tisa ambayo Ami amefanya kazi katika ukumbi wetu wa maonyesho. Kazi yenyewe wengi wenu hamuijui, na si kosa lenu, kwa sababu yeye akiulizwa hujibu, "Navuta waya tu." Basi niruhusuni niwaeleze nani alikuwa ananing'inia upande wa pili wa waya huo.

Mimi ni Kalpana, binti wa Mansukh aliyekuwa na duka la vitambaa Mji Mkongwe. Mapinduzi yalipotokea nilikuwa na miaka saba. Kwa siku tatu tulikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, mama amenifunika mdomo kwa kiganja, tukisikiliza nyayo za watu nje. Nyayo zikisimama mlangoni, kiganja kinakaza. Zikiondoka, kinalegea. Tulipohamia huku Ulaya, siku moja nikafungua kitabu katika maktaba, nikakuta picha ya mchezaji wa baleti wa Ulaya, wa miaka ya elfu moja mia nane na thelathini. Amesimama kwa ncha ya kidole juu ya ua, na ua halijainama. Mtoto mwingine angeona urembo. Mimi niliona mtu ambaye nyayo zake hazisikiki, nikamwambia baba nataka kufundishwa hivyo.

Nilipokua ndipo nikajua picha ile ilificha nini. Wanawake wale walisimama juu ya vidole kwa viatu laini vya hariri, visivyo na kitu kigumu ndani, ila nyuzi zilizoshonwa kwenye ncha. Walivaa vitambaa vya melimeli nyepesi na kucheza kando ya taa za gesi, na wapo walioshikwa na moto mbele ya watazamaji waliokuja kuwashangilia. Walifungwa waya migongoni, wakainuliwa hewani ili waonekane kama roho zisizo na uzito. Mnadhani hawakuogopa? Sisi wachezaji wa leo tunaiga mikono yao na miinamo ya shingo zao, tunawatazama kila tukichoka ili tupate moyo. Lakini nani aliyetufundisha kuuliza walilala vipi usiku wa kuamkia onyesho?

Miaka mitatu iliyopita mkurugenzi wetu aliamua tucheze kama walivyocheza wao, pamoja na kuruka kwa waya. Mimi nikapewa nafasi ya mbele, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilitakiwa kupaa mita nne kutoka sakafuni na kupita dirishani kama moshi. Ami Mbarouk ndiye aliyekuwa ananiinua.

Mchana wa mazoezi ya mwisho, waandishi wa magazeti walialikwa kutazama. Nimekwisha kufungwa mshipi kiunoni, muziki umeanza, nikasubiri kuinuliwa. Sikuinuliwa. Nikageuka, nikamwona Ami ameufunga waya na kusogea pembeni. Akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Kalpana, usipande. Fungua mshipi."

"Ami, wananitazama," nikamwambia. "Niinue."

"Sikuinui."

"Kwa nini?"

"Naogopa."

Ndugu zangu, hakusema waya umekatika. Hakusema ameona kasoro. Alisema anaogopa, na ukumbini hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi. Mkurugenzi akauliza, "Anasema nini?" Nikamtafsiria, na waandishi wawili wakacheka. Fundi mkuu akapanda darini, akakagua, akarudi akasema kila kitu ni kizima. Mkurugenzi akamwambia Ami achague: aniinue, au avue glavu zake aende nyumbani moja kwa moja. Kisha akaniambia mimi kwamba kama siko tayari, yupo mwenzangu anayeijua nafasi yangu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimwamini Ami papo hapo. Si kweli. Nilikasirika. Nilifikiri mzee huyu ananiharibia siku niliyoingoja tangu utoto. Lakini nilitazama mikono yake, ile mikono iliyonishikia waya mwezi mzima, nikaiona inavua glavu. Nikafungua mshipi.

Ami hakubishana na mtu. Alichukua mfuko wa mchanga wenye uzito kama wangu, akaufunga pale nilipokuwa, akauinua. Ukapanda, ukashuka. Mara ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, na waandishi wakaanza kutazama saa. Mara ya sita tulisikia mlio mfupi kule juu. Chuma kilichoshika gurudumu la waya kilikatika, na mfuko ukaja chini ukapasuka, mchanga ukaruka hadi kwenye viatu vya watu wa safu ya kwanza.

Mkurugenzi alikaa chini palepale jukwaani. Ami alikwenda kuleta ufagio.

Jioni ile tulipokuwa tunakunywa chai nilimuuliza alijuaje. Amenipa ruhusa niwaambie alivyojibu. Alisema, "Sikujua. Mwaka sitini na nne mdogo wangu Soud aliniambia anaogopa kutoka nje. Nikamwambia aache woga, akalete mkate. Hakurudi. Tangu siku ile mtu akiogopa mbele yangu, hata akiwa ni mimi mwenyewe, namsikiliza."

Onyesho lile tulilicheza bila waya. Baadaye vyuma vikabadilishwa vyote, na Ami akanirusha mara nyingi nisizoweza kuzihesabu.

Sasa anapumzika, na waya ameushika Hansa, ambaye Ami amemfundisha mwaka mzima. Hansa ni hodari, yupo hapa, na sisemi hivi kwa kumpendeza. Hata hivyo juzi, mara ya kwanza bila Ami, vidole vyangu vilikataa kufunga mshipi. Wapiga muziki wote walikuwa wanatungoja. Hansa akanijia, akaniuliza, "Unaogopa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Na mimi pia." Akawaomba wapiga muziki waweke vyombo chini. Tukashusha waya wote, tukaupapasa shibiri kwa shibiri, halafu tukapanda darini tukashika kila chuma kwa mikono yetu. Tulichukua dakika arobaini. Hatukuona kasoro yoyote. Nikapanda, na niliogopa mpaka juu.

Ami Mbarouk, Jumamosi saa nane mchana nitapanda tena, mbele ya watu. Nitaogopa. Hansa ataogopa. Sote wawili tunakuomba uje.

Bi Ummukulthum, ahsante kwa kutuazima mumeo miaka yote hii. Na ninyi nyote mlioniazima masikio yenu, nawashukuru sana.