Mitumbwi Yetu Iko Chini ya Maji: Risala ya Wapiga Kasia wa Pulong Kawayan kwa Mheshimiwa Meya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Crisanto Villarba, waheshimiwa madiwani mliofuatana naye, Padri wetu, Kapteni wa barangay yetu, mkuu wa kijiji hiki, ambaye tangu jana anatusihi tulainishe maneno, wazee, akina mama, vijana, na nyinyi watoto mliopanda juu ya ukuta tuliowakataza kupanda: salamu kwenu nyote.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu kisiwani kwetu. Mara ya mwisho ulikuja wakati wa kampeni, ukala samaki wetu wa kuchoma na kusema hujawahi kuonja watamu kama wale. Leo pia umewala, pamoja na wali wa kunata wa kwenye majani ya migomba, na umecheza na akina mama hadi jasho likakutoka. Umeshuka kutoka kwenye boti yako ya injini bila hata kulowesha viatu. Tumefurahi kukuona, na hatusemi hivyo kwa unafiki. Sisi na wewe hatuna ugomvi.

Ugomvi wetu ni na sheria ndogo uliyoitia saini, inayotaka kila chombo kisicho na injini kipelekwe mjini, kiandikishwe na kupigwa namba ubavuni, na kisicho na namba kikamatwe. Tunasema mapema ili usikae ukingoja: hatutaandikisha.

Utaona kwamba risala yetu ni ndefu. Tuvumilie. Urefu huo una sababu yake, na kabla hujaondoka utaiona.

TULIKOTOKA

Mitumbwi yetu ni ya mbao, myembamba, na inaendeshwa kwa kasia moja. Hapa hakuna mtumbwi wa mtu mmoja. Mwenye safari huchukua ulio karibu, na akirudi huurudisha na samaki wawili watatu ndani yake. Ukiuliza mtumbwi huu ni wa nani, utatajiwa jina la fundi aliyeuunda, hata kama tulishamzika. Sasa karatasi yenu inauliza jina la mmiliki. Tumwandike nani? Tukimwandika mmoja, kesho mwenzake atahitaji ruhusa ya kwenda kumwona mamaye ng'ambo.

Jambo la pili watu wa mjini hawalijui, na ndilo lililotufikisha hapa. Redio ikitangaza tufani, sisi hatuvuti mitumbwi nchi kavu. Waliowahi kujaribu waliokota vipande juu ya mapaa ya jirani. Tunaijaza mawe na kuizamisha hapa penye kina kifupi, mbele ya gati, kisha tunajifungia kanisani. Upepo unapita juu ukitafuta cha kuvunja. Ukiisha tunapiga mbizi, tunatoa mawe, na mitumbwi inaelea. Mbao zake hazina shida na maji. Jua ndilo linaloziua.

TULIYOYAFANYA

Tunapeleka watoto shule ya ng'ambo. Tunabeba mayai ya bata, mboga, wagonjwa na maharusi. Tufani ya mwaka juzi ilipozingira nyumba za upande wa mashariki, boti ya uokoaji ya manispaa ilinasa kwenye magugu maji, na waokoaji wakaokolewa na Bibi Pacing, mjane wa marehemu fundi Ambo. Yule pale, mstari wa mbele, mwenye kofia ya majani. Aliwabeba kwa zamu huku akiwasema njia nzima. Hakuwauliza namba.

YANAYOTUSIBU

Vijana wenu wa kuandikisha vyombo walikuja mara moja tu, Mheshimiwa, asubuhi ya siku ambayo tufani ilikuwa inangojwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa tumeshazamisha mitumbwi yote. Tukawapa kahawa na mayai ya chumvi. Kiongozi wao, kijana Rendel, akaangalia ufuko mtupu.

"Mitumbwi yenu iko wapi, wazee?"

"Iko chini ya maji," tukamjibu.

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Maliza kahawa uwahi kurudi, upepo huo unakuja."

Kosa letu lilikuwa kudhani ameelewa. Hapa kwetu hata mtoto wa miaka mitatu angeelewa. Yeye akaenda kuripoti kwamba mitumbwi yote ya Pulong Kawayan imezama na kuharibika, na hakuna cha kuandikisha. Baada ya wiki tukaletewa mchele na makopo ya dagaa. Tukala, tukijua ni pole ya tufani kama ya kila mwaka. Kumbe ilikuwa pole ya kupotelewa na mitumbwi.

Kwa hiyo mitumbwi ilipoonekana tena ziwani, mjini ikasemwa kwamba tumedanganya serikali na kuingiza vyombo vya magendo. Askari wakaja na Rendel. Walimkuta Bibi Pacing akimwaga maji kutoka kwenye mtumbwi aliouibua muda huo huo, ule wa mwisho kuundwa na mumewe.

"Bibi, chombo hiki kina namba?" Rendel akamwuliza.

"Wewe una namba?"

"Nina kitambulisho."

"Mimi sijakuomba. Nakufahamu, wewe mtoto wa Nening wa ng'ambo. Ulipougua kuhara ulipelekwa zahanati kwa mtumbwi huu huu, na nilikaa siku nzima nikiuosha."

Askari wakacheka. Hata Rendel alicheka, maskini, masikio yamemwiva kwa aibu. Kisha wakauchukua mtumbwi, na mingine minane iliyokuwa imeshaibuliwa.

Mheshimiwa, mitumbwi hiyo imelazwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya ofisi yako, juu ya saruji, juani. Bibi Pacing huomba nafasi asubuhi kwenye boti ya mfuga samaki, na kufika pale na ndoo yake kuulowesha mtumbwi wa mumewe. Juzi mlinzi alimzuia.

"Bibi, usiguse. Hicho ni kielelezo cha kesi."

"Basi kielelezo chako kina kiu," akamjibu, akaumwagia maji, na mengine yakamwangukia mlinzi.

Lakini alivyorudi hakuwa na utani tena. Alituambia ubao wa chini umeanza kupasuka, ufa unaingia kidole. Fundi Ambo hayupo wa kuunda mwingine. Bibi Pacing hana picha ya mumewe hata moja. Ana kazi hiyo ya mikono yake, nanyi mnaikausha. Tumekasirika, Mheshimiwa. Hatukulala, na hatutaki ulale.

Mnasema sheria hii ni ya usalama wetu. Tuliowazika kwa ajali za ziwani waligongwa na boti za injini, ambazo zote zina namba. Namba hizo zilitusaidia kujua nani ametuua.

TUNAYOTAKA

Ulipofika umeuliza, "Mbona ufuko mtupu?" Ni kwa sababu mitumbwi mingine yote iliyobaki tumeizamisha, na safari hii si kwa tufani. Iko chini ya gati hili unalokalia. Watoto wetu wanakosa shule, na hilo linatuuma, lakini hatutaiibua ili ikamatwe. Tunataka mitumbwi tisa irudi leo, ingali na uhai. Tunataka vyombo vya kasia vitolewe kwenye sheria hiyo. Mengine tutayazungumza mitumbwi ikishalowa.

Sasa, Mheshimiwa, tafadhali geuka utazame nyuma yako.

Mchana upepo wa ziwa hugeuka, na magugu maji yote huja kulala kwenye ghuba yetu mpaka kesho asubuhi. Ulipokaa kutusikiliza njia ilikuwa wazi. Tulipofika kwenye habari ya mayai ya chumvi ulikuwa umebaki upenyo. Sasa njia imeziba, na nahodha wako anajua injini yake haitavuka hapo. Tunajua pia kwamba jioni Gavana anakungoja.

Hutakwama, wewe ni mgeni wetu. Vijana wawili wako majini tayari, wanatoa mawe. Mtumbwi utakaoibuka hauna namba, na kwa sheria yako anayeupanda na anayeuendesha wote wana kosa. Bibi Pacing yuko radhi kulibeba kosa hilo pamoja nawe. Atakuvusha kwenye magugu hadi mjini, mtapita wote wawili pale uwanjani, na yeye atarudi kwa mtumbwi wa mumewe. Waheshimiwa madiwani watabaki nasi, wali upo.

Ukipenda kungoja kesho, mkeka upo pia.

Mungu aliyetupa ziwa kabla hajatupa manispaa akulinde, akupe maji matulivu, na akupe moyo wa kuingia. Mtumbwi unavuja kidogo, Mheshimiwa. Vua viatu.

Ni sisi,
Umoja wa Wapiga Kasia wa Pulong Kawayan
Imesomwa kwa niaba yao na Florencia Dumlao